Kuzuia Magonjwa ya Bakteria kwa Nguruwe: Anza na Sakafu, Sindano Ije Mwisho

Bakteria wanaoua nguruwe wetu wengi hawatoki mbali. E. koli anayewaharisha watoto wa siku tatu anaishi kwenye utumbo wa mama yao. Streptokoka anayevimbisha viungo na kupanda hadi kwenye ubongo anakaa kooni mwa nguruwe wanaokula na kunenepa kama kawaida. Hata erisipela, ule ugonjwa unaotoa mabaka mekundu yenye pembe nne mgongoni, husababishwa na bakteria anayebebwa na nguruwe wengi wasio na dalili yoyote.

Kwa hiyo usijisumbue kutafuta banda lisilo na bakteria, maana halipo. Unachoweza kufanya ni kuwapunguza, na kumpa mnyama nguvu ya kuwashinda waliobaki. Mambo matatu ndiyo yanayofanya sehemu kubwa ya kazi hiyo: banda kavu, maziwa ya kwanza ya mama, na kutochanganya wanyama ovyo. Mfugaji anayeyashika hayo matatu hununua dawa mara chache. Anayeyaacha hununua dawa kila wiki na bado anazika.

Mwongozo huu nauandika nikimlenga mwenye majike wawili hadi kumi, hasa wa Nyanda za Juu Kusini: Mbeya, Songwe, Iringa, Njombe. Huku kwetu usiku wa Juni na Julai una baridi ya kuumiza, na kuanzia Novemba mvua hulowanisha kila kitu. Aliye Morogoro au Dar es Salaam atapunguza habari za baridi na kuongeza kivuli na maji, mengine hayabadiliki.

Hatua ya 1: Kausha mahali wanapolala

Ingia bandani asubuhi kabla hujasafisha. Piga goti pale nguruwe wanapolalia, ukae hivyo kama dakika moja. Suruali ikilowa, ujue watoto wanalala kwenye maji na mkojo usiku kucha, na hakuna dawa ya kuharisha itakayodumu kwenye banda hilo. Bakteria wa tumboni wanahitaji unyevu na joto ili waongezeke, na tumbo la mtoto wa nguruwe likilala kwenye unyevu hupoa haraka, utumbo unalegea, na wao wanapata nafasi.

Sakafu ya saruji iwe na mwinamo wa sentimita 2 hadi 3 kwa kila mita, kuelekea mfereji ulio nje ya banda. Isiwe laini ya kuteleza, wala isiwe ya kokoto zinazokwaruza. Watoto wanaponyonya hupiga magoti na kusugua miguu ya mbele sakafuni, na ule mchubuko mdogo wa gotini ndio mlango anaopitia streptokoka. Ukiona watoto wa wiki mbili wanachechemea huku viungo vimevimba na vina joto, kagua sakafu kabla hujatafuta dawa.

Wengi wetu tuna mabanda ya mbao yaliyoinuliwa, na kinyesi kinadondokea chini. Ni mabanda mazuri kwa ukavu, ila mbao hunywa mkojo, na kinyesi cha chini kikirundikana hadi kugusa mbao faida yote imepotea. Kizoe kila wiki. Mbao iliyooza itolewe, maana hakuna dawa inayoingia ndani yake. Sakafu ya udongo ndiyo ngumu kuliko zote: kila kundi likitoka, chimba na uondoe tabaka la juu la kama sentimita 10, mwaga chokaa, kisha shindilia udongo mpya kutoka mahali ambapo nguruwe hawajawahi kukaa.

Nguruwe mwenyewe ni mnyama msafi akipewa nafasi. Huchagua kona moja ya kunyea na kwingine kwa kulala. Msaidie: kihori cha maji kiwe upande wa chini karibu na kona ya kunyea, sehemu ya kulala iwe juu, na iwe na maranda au majani makavu. Wakianza kunyea mahali pa kulala, wanakuambia kuwa wamebanana, au wana joto, au pale pameloa. Nguruwe wa kilo 100 anahitaji walau mita moja ya mraba ya kwake.

Hatua ya 2: Osha, kausha, ndipo uue

Kosa ninalokuta mara nyingi ni mtu kumwaga dawa juu ya kinyesi. Klorini ikikutana na uchafu hufia hapo hapo. Umenunua harufu tu. Kundi likitoka, au mama akimaliza kulea, fuata mpangilio huu bila kuruka.

Toa kila kitu: matandiko, chakula kilichobaki, kamba, vihori. Kwangua kinyesi chote kwa koleo. Lowanisha kuta na sakafu kwa maji ya sabuni, acha nusu saa, halafu sugua kwa brashi ngumu, hasa kwenye pembe na chini ya kihori ambako utando unateleza. Utando huo wa mafuta ndiyo nyumba ya bakteria, na maji matupu hayautoi. Suuza hadi maji yatoke meupe. Acha pakauke kabisa.

Hapo sasa weka dawa. Kama unatumia maji ya klorini ya nguo yenye nguvu ya asilimia 3.5, sehemu moja ya klorini kwa sita za maji inakupa asilimia 0.5, na hiyo inatosha. Usiichanganye na dawa nyingine, na usiimwage palipo na mkojo mbichi, kwa sababu hutoa hewa kali inayochoma mapafu. Iache dakika 10 au zaidi. Ukuta wa tofali au udongo upake chokaa iliyochanganywa na maji. Mwisho, acha chumba kitupu siku tano hadi saba huku jua na upepo vinaingia. Kama una vyumba vitatu tu na unaona huwezi kuacha kimoja kitupu, punguza nguruwe wawili. Utapata faida zaidi kuliko kujaza.

Jitahidi kila chumba kiingie kundi la umri mmoja na litoke kwa pamoja. Ukiwa unaongeza wadogo walipo wakubwa kila wakati, wakubwa wanawapa wadogo vijidudu ambavyo miili yao wenyewe imeshavizoea.

Hatua ya 3: Linda lango

Mtu wa hatari kuliko wote bandani kwako ni mnunuzi. Anatoka banda la jirani na gambuti zile zile, kamba ile ile ya kufungia na fimbo ile ile, anaingia kukadiria kilo kwa macho, hanunui, anaondoka kwenda banda la tatu. Siku hiyo hiyo mfugaji mwingine anauza haraka haraka kwa sababu wake wameanza kuugua, na huyo mnunuzi alikuwa huko asubuhi. Weka utaratibu: biashara inafanyika nje ya uzio. Mnyama wa kuuzwa unamtoa wewe na kumpeleka kwenye kizimba cha pembeni, na akishatoka harudi ndani, hata bei ikishindikana leo; anakaa hukohuko hadi apate mnunuzi.

Gambuti za bandani zikae bandani, na ovaroli pia. Mlangoni weka karai la maji ya dawa na brashi, na sugua matope kwanza kabla ya kukanyaga dawa. Badilisha maji hayo kila siku, kwani karai lenye maji ya juzi, meusi, ni kituo cha kugawia vijidudu.

Nguruwe mpya akae peke yake siku 30, mbali na wengine, na umhudumie mwisho baada ya kumaliza wengine. Dume la kuazima ni mzigo mwingine. Bakteria wa brusela na leptospira huambukizwa kwa njia ya kupandana, na dalili unaziona baadaye: jike anatoa mimba, au anazaa watoto wafu na dhaifu. Kabla ya kumpeleka jike wako, uliza majike waliotangulia walizaaje. Mwenye dume akianza kujikanyaga katika jibu hilo, rudi nyumbani.

Panya wanabeba leptospira kwenye mkojo na salmonela kwenye kinyesi. Pumba na mashudu vikae juu ya vichanja, kwenye mapipa yenye vifuniko, na nyasi zifyekwe kuzunguka banda. Jambo hili si la nguruwe peke yake. Mwaka 2022 watu waliugua na wengine kufa mkoani Lindi kwa ugonjwa ambao serikali iliutangaza kuwa Homa ya Mgunda, na ni huyo huyo leptospira. Anaingia kwenye mwili wa mtu kupitia mchubuko, macho au mdomo, kutoka kwenye maji yenye mkojo wa mnyama. Usisafishe banda ukiwa miguu mitupu, wala usimtume mtoto kusafisha hivyo.

Makombo ya hotelini na shuleni yachemshwe, yatokote nusu saa nzima huku unakoroga. Yasipochemshwa yanaleta salmonela, na yanaleta pia homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo ni ya virusi, haina tiba, na itamaliza kila kitu ulichojenga.

Hatua ya 4: Mwandae mama

Mimba ya nguruwe ni siku 114, yaani miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Andika tarehe ya kupandwa ukutani au kwenye daftari, usitegemee kumbukumbu.

Wiki mbili kabla ya kuzaa, mpe dawa ya minyoo na tibu upele kama upo. Siku tano hadi saba kabla, mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni: tumbo, chuchu zote, mapaja, na nyuma chini ya mkia. Halafu mwingize kwenye chumba cha kuzalia ambacho kimepita hatua ya 2. Mama mchafu kwenye chumba kisafi ni kazi bure, kwa kuwa kitu cha kwanza mtoto anakilamba kabla hajapata chuchu ni ngozi ya mama yake.

Siku za mwisho punguza chakula kizito, ongeza majani na pumba, na maji yawepo muda wote. Jike aliyefunga choo huzaa kwa shida, anapata homa, matiti yanakuwa magumu na maziwa yanakauka. Ukiona kinyesi chake ni vigololi vikavu, usisubiri, ongeza majani na maji siku hiyo hiyo. Anayenyonyesha anahitaji lita 20 za maji kwa siku na zaidi, na ndoo moja asubuhi haimtoshi.

Akizaa, kwa kawaida watoto hufuatana kwa dakika 15 hadi 20. Ikipita saa moja anasukuma na hakuna kinachotoka, mwite mtaalamu. Usiingize mkono bila kukata kucha, kuosha hadi kiwikoni kwa sabuni na kuvaa glovu. Mikono michafu ndiyo inayoleta usaha kwenye kizazi. Kondo la nyuma litolewe na kuzikwa. Kwa siku tatu za mwanzo mpime mama joto asubuhi. Likivuka nyuzi 40, au akilalia matiti na kuwakataa watoto, anahitaji daktari wa mifugo leo, si kesho.

Hatua ya 5: Saa 24 za kwanza

Hapa nawaomba mkae nami zaidi, kwa sababu hapa ndipo watoto wengi wanapookolewa au kupotea.

Binadamu huzaliwa akiwa amepewa kinga na mama yake tumboni. Nguruwe hapati. Kondo la nguruwe halipitishi kinga, hivyo mtoto anazaliwa mtupu kabisa, na kinga yake yote ya wiki za mwanzo imo kwenye dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya siku ya kwanza. Utumbo wake unaweza kuipitisha kinga hiyo hadi kwenye damu kwa muda mfupi tu. Uwezo huo unashuka saa hadi saa, na baada ya siku moja hivi mlango unakuwa umefungwa. Kila mtoto anahitaji kama gramu 200 hadi 250 za dang'a ndani ya saa 24. Aliyekosa anaweza kuonekana mzima siku ya kwanza na ya pili, halafu ya tatu anaanza kuhara maji ya manjano, na unafikiri ugonjwa umeingia jana.

Kwa hiyo uwepo wakati wa kuzaa, hata kama ni saa nane za usiku. Mtoto akitoka, mfute kwa kitambaa kikavu, safisha pua na mdomo, mpeleke kwenye chuchu. Za mbele, karibu na kifua, huwa na maziwa mengi. Wape wadogo hizo. Kila mmoja awe amenyonya ndani ya saa ya kwanza.

Wakiwa zaidi ya idadi ya chuchu, au wapo 12 na wakubwa wanawasukuma wadogo, fanya zamu. Waliokwisha shiba, ambao matumbo yao yamejaa, weka alama mgongoni kwa kalamu ya rangi, waweke kwenye boksi lenye joto kwa saa moja au moja na nusu, na waache wadogo wanyonye kwa nafasi. Halafu badilisha. Asiye na nguvu ya kunyonya mkamulie: mama akiwa kwenye uchungu, maziwa hutoka kwa urahisi ukikamua kwa vidole viwili. Kinga kwenye kikombe kisafi, mpe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, mililita 10 hadi 20 taratibu pembeni mwa mdomo, na urudie kila baada ya saa mbili au tatu. Ukimmiminia kwa haraka yataingia kwenye mapafu.

Joto linaenda pamoja na dang'a. Mtoto mchanga anataka nyuzi 32 hadi 34, wakati mama yake anaona raha kwenye nyuzi 18 hadi 22. Huwezi kuwaridhisha wote kwa chumba kimoja, kwa hiyo jenga kona ya watoto: boksi la mbao lenye mlango mdogo, maranda ndani, na taa ya joto juu. Kusiko na umeme, chungu cha mkaa uliokwisha kutoa moshi, kikiwa nje ya ukuta wa boksi na mbali na majani, kinasaidia. Watazame wanavyolala. Wakirundikana mmoja juu ya mwingine, wana baridi. Wakisambaa pembeni na kuhema, pamezidi. Wakijipanga ubavu kwa ubavu, umepatia. Mtoto mwenye baridi hanyonyi, na asiyenyonya hapati kinga.

Hatua ya 6: Kitovu, meno, chuma, kuhasi

Kitovu kichovye kwenye tinkcha ya aidini mara mtoto anapozaliwa, na usikivute, kinakauka chenyewe.

Kukata meno nakushauri usifanye kama desturi. Jino likikatwa vibaya hupasuka hadi kwenye fizi, na bakteria wa streptokoka wanaingilia hapo. Kama watoto wanauma chuchu na kuumizana nyuso, saga ncha tu kwa msasa. Tazama hasa majeraha ya usoni, kwani hapo ndipo stafilokoka huanza: ngozi inatoa ukurutu wa kahawia wenye mafuta, unasambaa mwili mzima, na mtoto anakauka kwa kukosa maji.

Sindano ya madini ya chuma, miligramu 200, siku ya tatu, kwenye msuli wa shingo nyuma ya sikio. Maziwa ya mama hutoa kama miligramu moja tu ya chuma kwa siku, na mtoto anahitaji saba au zaidi. Akikosa anapauka, anahema, na kila bakteria anampata. Kuhasi fanya ndani ya wiki ya kwanza, wembe mpya au uliochemshwa, aidini kabla na baada, na siku ambayo sakafu ni kavu. Usihasi watoto wanaoharisha.

Hatua ya 7: Kuachisha kunyonya

Mtihani wa pili ni huu. Siku tatu hadi kumi baada ya kuachishwa, E. koli hurudi. Mtoto amepoteza maziwa ya mama, amepoteza mama, mara nyingine amehamishwa chumba na kuchanganywa na wageni, na yote hayo siku moja. Ndipo unakuta asubuhi mtoto mkubwa na mzuri kuliko wote amekufa, kope zimevimba, au anayumba kama amelewa. Sumu ya E. koli huwapenda wanaokula sana.

Usiwaachishe kabla ya wiki ya sita kama huna chakula kizuri cha watoto. Anza kuwapa chakula kikavu kidogo kidogo tangu wiki ya pili, kwenye sahani ambayo mama haifikii, ili utumbo uzoee. Siku ya kuwaachisha, mwondoe mama na watoto wabaki walipo, chumba kile kile, ndugu wale wale, chakula kile kile kwa wiki nzima au zaidi. Siku tatu za kwanza wape kidogo kidogo mara nne au tano kwa siku, badala ya kujaza kihori. Chakula kilicholala kihorini kikachacha kitupwe.

Soya usiwape mbichi. Ina vitu vinavyozuia protini isiyeyushwe, na protini ambayo haijayeyushwa ndiyo chakula cha bakteria kwenye utumbo mpana. Ichemshe au ikaange kwanza. Dagaa wawe wakavu, wasiwe wamevunda. Dagaa wa mchanga na ukungu ni bei rahisi unayoilipa mara mbili.

Wakianza kuharisha, maji kwanza. Lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, wanywe muda wote. Watoto wengi huuawa na kukaukiwa maji kabla bakteria hajawafikisha huko. Punguza chakula nusu kwa siku moja, kausha sakafu, ongeza joto. Wakihara damu na makamasi, hasa walio na miezi mitatu kwenda juu, hiyo ni habari nyingine na inahitaji mtaalamu.

Hatua ya 8: Hewa, minyoo, chanjo

Chuchumaa pua yako ifike usawa wa pua ya nguruwe. Macho yakiwasha, hewa hiyo ya mkojo inachoma mapafu yao usiku na mchana, na mikoplasma na pastorela, bakteria wa nimonia, wanapata njia. Wengi wanafunga banda lote kwa maturubai wakati wa baridi. Wanazuia upepo na kufungia unyevu ndani. Ukuta uwe mzima hadi mita moja, upepo usimpige aliyelala, na juu pawe wazi. Usiku wa Julai shusha magunia upande unaotoka upepo, upande mwingine uachie.

Minyoo mikubwa ya tumboni hupitisha viluwiluwi vyake kwenye mapafu, na nyuma yao nimonia inafuata. Toa dawa kila baada ya miezi mitatu, na kwa majike kama nilivyosema. Upele unawafanya wajikune hadi kutoboa ngozi, kwa hiyo ni mlango mwingine.

Chanjo za erisipela na E. koli zipo duniani na hufanya kazi, ya E. koli hupewa mama kabla ya kuzaa ili kinga ipitie kwenye dang'a. Upatikanaji hutofautiana, muulize daktari wa mifugo wa wilaya yako, na ukizipata zihifadhi kwenye baridi hadi dakika ya kuchoma.

Hatua ya 9: Akiugua, fuata mpangilio

Joto la kawaida la nguruwe ni kama nyuzi 39. Nunua kipimajoto, ni bei ya chupa moja ya dawa. Mgonjwa mtenge, mhudumie mwisho.

Ukiona homa ya nyuzi 41 au 42, masikio na tumbo vimekuwa vyekundu au zambarau, na wanakufa kadhaa, usichinje, usiuze, usihamishe. Erisipela na homa ya nguruwe ya Afrika zinaweza kufanana macho kwa macho siku ya kwanza. Erisipela husikia penisilini ndani ya siku moja au mbili. Ile nyingine haisikii chochote. Piga simu kwa afisa mifugo. Mzoga wa ghafla wenye damu isiyoganda puani au shingo iliyovimba usiupasue, inaweza kuwa kimeta. Zika kwa kina cha mita mbili ukiwa na chokaa juu, baada ya afisa kuona.

Na wewe jilinde. Mwaka 2005 huko Sichuan nchini China, streptokoka wa nguruwe aliwaambukiza watu zaidi ya 200 na kuua zaidi ya 30, wengi wao waliochinja au kukata nyama ya nguruwe waliougua. Funika kila jeraha la mkononi, vaa glovu, na usile wala kugawa nyama ya mgonjwa.

Antibayotiki ichaguliwe na mtaalamu, ipimwe kwa uzito, imalizwe siku zote alizosema. Dozi pungufu ndiyo inayofundisha bakteria kustahimili. Bila mizani, tumia futi ya fundi cherehani: zungusha kifuani nyuma ya miguu ya mbele, kisha pima urefu kutoka katikati ya masikio hadi shina la mkia, vyote kwa mita. Mzunguko mara mzunguko, mara urefu, mara 69.3, unapata kilo. Mwenye mzunguko wa 0.9 na urefu wa 0.95 ana kilo 53 hivi.

Kuweka antibayotiki kwenye pumba kila siku "ili wasiugue" kuache kabisa. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuzitumia kwa kukuzia mifugo tangu 2006. Mwaka 2015 watafiti nchini China waliripoti jeni ya usugu dhidi ya kolistini, dawa ambayo hospitali huiweka kwa wagonjwa walioshindikana. Waliikuta kwa nguruwe, kwenye nyama na kwa watu, na jeni hiyo inaruka kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. China ikaiondoa kolistini kwenye vyakula vya mifugo mwaka 2017. Bakteria sugu anayekuzwa bandani kwako atakutana na mtoto wako zahanati.

Kila sindano iandikwe kwenye daftari: namba ya mnyama, tarehe, dawa, kiasi, na siku ya mwisho ya kutouza iliyoandikwa kwenye kibandiko cha chupa. Dawa za kukaa muda mrefu mwilini huweza kudai karibu mwezi mzima. Mnunuzi wa kitimoto akija kabla ya tarehe hiyo, mwonyeshe daftari na umpangie siku ya kurudi.